Mama Vioo Agoma Kushuka

Saa moja asubuhi Mama Vioo yuko juu ya jukwaa la ujenzi kanisani, miguu mitupu, na amefura kwa hasira. Chini yake mafundi wawili wa alumini wamekalia makasha yao ya vifaa, wakingoja ashuke wang'oe dirisha. Hashuki. Anasugua kioo chekundu kwa kitambaa kibichi, taratibu kama anayemwosha mtoto uso, na kila baada ya muda anageuka na kuwakata jicho.

"Kama mna haraka, pandeni mnivute!" anawaambia.

Hakuna anayepanda.

Kazi ya mama huyu ni vioo vya nyumba za ibada. Huvitoa, huviosha, hubadilisha kilichopasuka na kukaza madini ya risasi yanayoshikanisha vipande. Barabara hii ina msikiti, hekalu na kanisa, na nyumba zote tatu zimepita mikononi mwake. Kwanza huvua viatu. Alizoea msikitini na hekaluni, sasa hata kanisani kwao anavua, na wazee wa kanisa humcheka. Mume wake hacheki.

"Mtu wa vioo anatembea pekupeku! Haya, siku ukikatwa usiniite mimi," humfokea. Akikatwa, ni yeye huyo huyo anayempaka dawa.

Tena hagusi dirisha lolote kabla hajaketi pale wanapoketi waumini, aone mwanga unamwangukia nani. Ndiyo maana swali la watu humkera. Wanamuuliza ipi kati ya nyumba hizo ni nzuri zaidi.

"Wanauliza kama vile ni mechi ya mpira," anasema. "Na mimi nawauliza, wewe ulikwenda saa ngapi?"

Hekalu, anaeleza, ni la jioni. Dari yake imepachikwa vioo vidogo vidogo, na taa moja ya mafuta ikiwashwa chini, dari nzima inaamka. Kanisa ni la asubuhi, kwa sababu ya dirisha hili la mashariki, jekundu na buluu, linalomwaga rangi hadi kwenye mabenchi. Msikiti ulikuwa wa alasiri. Juu ya milango palikuwa na vioo vya kijani na njano, bila picha yoyote, na jua likianza kuinama, zulia lilijaa maua ambayo hakuna fundi aliyeyafuma.

"Hekalu linatushinda sote, na nasema hivyo mimi niliyebatizwa hapa hapa," anaongeza. Maneno hayo aliyasema hata mbele ya mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa, ambaye alimnunia wiki nzima.

Msikiti "ulikuwa", kwa sababu vioo vile havipo. Kamati ya msikiti ilitaka mambo ya kisasa, ikaweka alumini na vioo vyeusi wakati Mama Vioo ameenda msibani. Aliporudi alivikuta vile vya zamani jalalani, vimekuwa changarawe.

"Nililia kama nimefiwa mara ya pili," anasema. "Halafu nikakasirika. Hasira hiyo haijaisha mpaka leo, na wala sitaki iishe."

Mtunza msikiti naye ana lake. "Siku hizi saa tisa mchana tunawasha taa, dada yangu. Saa tisa! Jua liko nje linatung'ong'a."

Badala ya kanisa kujifunza, likatamani. Mwenyekiti hafichi. "Wenzetu wamependeza, sisi tumebaki na madirisha ya mababu. Lile la mashariki linavuja, mvua ikinyesha padri anahama na meza. Mama Vioo tunampenda, hata kazi ya kuweka vioo vipya tulimpa yeye. Lakini ule ni urembo tu."

Malipo ya kazi hiyo yangemlipia kodi ya nyumba mwaka mzima. Aliikataa kabla mwenyekiti hajamaliza kuieleza. Kuhusu kuvuja, anasema kunataka puti mpya ya kuziba kingo za vioo na siku mbili za kazi, na ameomba ruhusa hiyo mpaka ulimi umeota sugu.

"Urembo tu?" anafoka kutoka juu. "Muulize mama yangu kama ni urembo tu!"

Mama yake ameketi pale chini, benchi la tatu, amejifunika kanga mabegani. Macho yake yamekwisha. Hatambui sura ya mtu, hata ya binti yake. Kilichobaki ni rangi, tena iwe na mwanga nyuma yake. Kila Jumapili hukaa hapo, hukunjua viganja mapajani na kungoja.

"Nyekundu imefika," humnong'oneza binti yake. Baadaye kidogo, "Haya, na buluu hiyo."

Wiki iliyopita Mama Vioo alichukua nyundo, akatoboa ukuta wa chumba cha mama yake. Mwenye nyumba alikuja mbio akipiga kelele. Mpango ulikuwa aokoe japo kipande kimoja cha dirisha, akipachike pale, bikizee apate rangi zake nyumbani. Mama mtu akakataa.

"Chumbani nitaiona peke yangu," anasema bikizee. "Hapa nyekundu ikifika, nasikia na jirani yangu anavuta pumzi. Najua na yeye ameiona. Sasa ukiniwekea chumbani, nitamsikia nani?"

Mama Vioo akaziba tundu kwa ubao, na leo alfajiri akapanda jukwaa. Anataka dirisha lisiguswe kabla ya kikao cha kamati cha Jumapili, nacho kisifanyikie ofisini, kifanyikie hapa, asubuhi, kila mjumbe akiwa amekaa benchi la tatu kwa zamu. Zaidi ya hapo haombi kitu.

Mwenyekiti anaingia akihema. "Mama Vioo, shuka tuongee."

"Kaa hapo kwanza, kando ya mama!"

Anakaa, kwa kumheshimu bikizee zaidi ya kitu kingine. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Jua limepanda. Viganja vya bikizee vimekuwa vyekundu, na wekundu unatambaa kwenye shati jeupe la mwenyekiti, kifuani hadi shingoni. "Imefika na kwako?"

Mwenyekiti anatazama shati lake.

"Mbona kimya? Haijafika?"

"Imefika, mama," anajibu kwa sauti ndogo. Kisha anainuka upesi, anakung'uta shati kama aliyemwagikiwa na chai, na kuwaambia mafundi wa alumini warudi Jumatatu, baada ya kikao.

Wanabeba makasha yao. Mama Vioo anachovya kitambaa ndooni na kukikamua kwa nguvu.

"Jumatatu njooni na chakula," anawapigia kelele. "Mtanikuta hapa hapa."