Tahayari na Kioo cha Kisogoni

Neno tahayari wengi wanalichanganya na aibu. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, maana walimu walikuwa wameishiwa la kunifundisha, nawafundisha bure: aibu ni ya aliyekosa. Tahayari humkamata hata asiye na kosa. Mikono inakosa pa kukaa, ulimi unakuwa mzito kama tofali.

Mwenye neno hilo ni shemeji yangu kinyozi, mdogo wa mke wangu. Ukimsalimia, anatazama viatu. Alipokwenda kuchumbia nilimsemea mimi, tena vizuri mno, nusura mchumba nipewe mimi.

Jumamosi moja nilikuwa kibandani kwake napiga soga. Kitini kakaa dereva wa lori, ananyolewa kipara, povu shingoni. Mara akaingia mwashi, mdogo wake dereva wa tumbo moja. Hawajasemezana tangu wamzike baba yao, na jioni ile mama yao anatoka hospitali, anarudi kwenye nyumba wanayokaa wote wawili. Kila mmoja kaja kunyoa kwa ajili ya mama.

Mwashi akakwama mlangoni. Dereva akafumba macho.

"Ingia basi, unatuzibia upepo!" nikajaribu.

Hakuingia. Hata mimi, bingwa wa maneno, nikabaki kukohoa.

Shemeji akafuta povu la kisogoni, akachukua kile kioo kidogo cha kumwonyesha mteja kisogo, akamnyooshea mwashi bila kumtazama.

"Nishikie hapo nyuma, kaka. Mikono yangu ina sabuni."

Mwongo! Alikuwa ameshajifuta.

Mwashi akakishika nyuma ya kichwa cha kaka yake. Pale kisogoni, nywele zilipoondoka, pana kovu.

"Hili bado lipo?"

"Liende wapi? Si wewe ulinisukuma kwenye ngazi?"

"Ulininyang'anya baiskeli."

"Baiskeli yenyewe haina breki!"

Dereva akafumbua macho. Wakatazamana kwenye kioo kikubwa cha ukutani, cheko likawatoka hadi povu la sikioni likaruka.

"Kaa na wewe unyolewe," dereva akasema akishuka kitini. "Nakusubiri. Tukamchukue mama pamoja."

Walipoondoka nikamkabili shemeji. "We bwana, ulijuaje?"

Akatazama viatu. "Mtu akitahayari, shemeji, mpe kitu cha kushika."

Akaanza kufagia nywele, kama vile hajafanya kitu.

Nilirudi nyumbani mdomo nimeufunga. Mke wangu akanigusa paji la uso, akauliza kama nina homa.