Mgongo Wazi Haukuwamo Kwenye Jedwali

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya wilaya mjini Homa Bay, nilitia sahihi mara tatu. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya mizani ya kuning'iniza, ile yenye kaptula ya turubai ambayo mtoto huvishwa akapimwa huku akirusha mateke. Ya pili ilikuwa ya kanda ya mkono, utepe wenye rangi nyekundu, manjano na kijani, unaozungushwa juu ya kiwiko cha mtoto ili kuonyesha kama amekonda. Ya tatu ilikuwa ya Jedwali la Vyakula, kitabu chembamba chenye jalada la kijivu kilichoorodhesha kila chakula pamoja na kiasi cha nguvu, protini na madini yaliyomo. Mtunza ghala alinionya kwamba siku nitakapoondoka katika utumishi nitavirudisha vyote vikiwa kamili, la sivyo nitakatwa malipo ya uzeeni. Nilikuwa na shahada ya uzamili iliyokuwa bado inanukia wino, na uzee niliuona kuwa jambo la watu wengine.

Niseme wazi jinsi nilivyofika, kwa sababu bila hilo kosa langu halitaeleweka. Msimamizi wangu wa chuo kikuu alikuwa ameirudisha tasnifu yangu mara mbili kwa sababu ya tarakimu moja niliyoshindwa kuitajia chanzo. Mara ya pili aliniambia mbele ya wenzangu, "Usichoweza kukitajia chanzo, hukijui." Nilipita mtihani, lakini tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuogopa kila jambo lisilokuwa na ukurasa wake. Jedwali lilikuwa na kurasa. Nililala nalo karibu na mto.

Mkubwa wangu, Afisa wa Lishe wa Wilaya, alikuwa mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua. Alinipokea kwa maneno niliyoyaandika jioni ile.

"Binti, shahada ni yako, Jedwali ni la serikali. Vikigongana, utajua kipi kitakachopinda."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulizunguka vijiji vya kando ya ziwa tukijaza hojaji ya mlo, yaani fomu inayoorodhesha kila kilichoingia kwenye sufuria ya nyumba katika siku moja. Kila chakula kilitafutwa kwenye Jedwali, kikapewa alama katika safu tatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kukinga maradhi. Chakula kisichokuwa kwenye Jedwali kilipewa sifuri. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na niliifuata kwa moyo wote, kwa kuwa mimi ni mtu wa kulala vizuri pale tu penye kanuni.

Katika mwezi wangu wa tatu nilifika nyumbani kwa Min Atieno, yaani mama yake Atieno, kama akina mama wa huko wanavyoitwa. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, akiuza mboga karibu na soko. Alinijua kwa jina alilonipa mwenyewe, nyar Taita, binti wa Taita, kwa sababu nimezaliwa Wundanyi na Kidholuo changu wakati huo kiliishia kwenye salamu. Siku ile alikuwa amepika mgongo wazi.

Kijana anayesoma haya huenda hajui. Mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, akifika kiwandani alikatwa minofu pande zote mbili, minofu ikapakiwa kwenye barafu na kupelekwa Ulaya. Kilichobaki kilikuwa kichwa, uti wa mgongo na mkia, pamoja na nyama iliyong'ang'ania katikati ya mifupa. Hicho ndicho kilichorudi kwetu kwa magunia, na watu wakakiita mgongo wazi kwa sababu kweli ulikuwa wazi. Min Atieno aliununua alasiri, wauzaji walipokuwa wanataka kwenda nyumbani. Aliukata vipande vinne, akaukaanga kwa mafuta aliyoyayeyusha kutoka kwenye utumbo wa samaki huyo huyo, kisha akauchemsha kwa nyanya mbili na kitunguu hadi mifupa midogo ikavunjika mdomoni kama karanga. Kwa mchuzi uliobaki alipika mrenda, mboga ya majani yenye utelezi. Ugali ulikuwa wa wimbi na muhogo, mweusi, laini. Alinipakulia kichwa, sehemu ya mgeni. Nilikula nikamaliza. Nililamba vidole.

Kisha nilifungua fomu. Ugali uliingia safu ya kwanza, mrenda ukaingia ya tatu. Nilipekua Jedwali: samaki wa minofu, samaki mkavu, omena, yaani dagaa. Mgongo wazi haukuwamo. Kwenye safu ya kujenga mwili niliandika sifuri.

Ndipo nilipompima Atieno mkono. Kanda ilisimama kwenye kijani, rangi ya mtoto mwenye afya. Nilipima tena. Kijani. Nilipima mara ya tatu, nikageuza kanda, nikaikagua kama imevutika. Binti mwenyewe, wa miaka mitatu, alikuwa ananicheka. Mtu mwenye akili ya kawaida angesema fomu imekosea. Mimi niliandika pembeni: "Kanda ichunguzwe."

Majuma mawili baadaye Afisa wa Lishe wa Wilaya alijumlisha fomu zetu na kutoa orodha aliyoiita Kaya Zisizolisha Watoto. Ingesomwa Ijumaa kwenye baraza la chifu, jina kwa jina. "Aibu ni dawa," alisema, "na haina gharama." Jina la kwanza kabisa lilikuwa la Min Atieno, kwa sababu hakuna nyumba nyingine iliyopata sifuri kamili kwenye safu ya kati.

Habari haikusubiri Ijumaa. Jumatano asubuhi Min Atieno alisimama mlangoni mwa ofisi yangu, kikapu cha mboga kichwani, wala hakukitua.

"Nyar Taita, nimeambiwa mimi ndiyo nambari moja. Ni ya nini? Mbio?"

Nilianza kumweleza habari za safu. Aliniacha niseme kidogo, kisha akaninyamazisha kwa mkono.

"Ulikaa kwa kiti yangu?"

"Nilikaa."

"Ulikula kichwa ya samaki?"

"Nilikula."

"Ulilamba vidole, nikakuona kwa macho yangu. Halafu ukaandika sifuri! Sasa ile kichwa ilienda wapi? Ilipotea njiani?" Makarani wa chumba cha pili waliacha kupiga taipu ili wasikie. "Mume wangu alikufa, shemeji zangu wanangoja tu wasikie siwezi kulea, wachukue hawa watoto. Ijumaa utawapa sababu. Wewe, nyathina, uliyekula kwangu."

Nyathina maana yake ni mwanangu. Heri angeniita mwizi.

Sikwenda vijijini siku hiyo kama ratiba ilivyotaka. Nilikwenda sokoni nikanunua migongo wazi mitatu, nikaipeleka kwenye jiko nyuma ya nyumba yangu, nikaipika kwa njia ya Min Atieno. Nilichambua kila uzi wa nyama kutoka kwenye mifupa kwa kisu na vidole, nikaweka kwenye sahani, nikapima kwa mizani ya barua niliyoazima posta. Nyama ilijaza sahani. Nilipima tena, kwa mazoea. Theluthi yake, yaani nyama ya mgongo mmoja, ilitosha watoto wanne na mama yao, tena bei ya mgongo huo ilikuwa ndogo kuliko ya yai moja na nusu. Jedwali lilisifu mayai kwa ukurasa mzima.

Alhamisi nilimpelekea Afisa hesabu hiyo. Aliisoma akiwa amesimama.

"Chanzo?"

"Jiko langu, bwana."

"Jiko si chanzo. Hayo ni mabaki ya kiwanda. Unataka niandike kwa Mkurugenzi kwamba wilaya yangu inakula mifupa?"

"Inakula, bwana. Hata usipoandika, inakula."

"Orodha itasomwa."

Nilitoka, nikarudi mezani kwangu, nikafungua Jedwali kwenye ukurasa wa samaki. Chini ya mstari wa mwisho niliandika kwa kalamu ya wino: Mgongo wazi, wa mbuta, uliokaangwa na kuchemshwa. Nikajaza tarakimu zake, nikizikokotoa kutoka mstari wa minofu na uzito nilioupima, na mahali pa chanzo nikaandika jina langu. Maandishi yale yamepinda hadi leo.

Baraza lilikaa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Chifu alifungua, akamkaribisha Afisa, naye akatoa orodha mfukoni. Kabla hajasoma nilisimama. Sikuwa nimeitwa, na sikumbuki miguu yangu ikiamua.

"Chifu, jina la kwanza kwenye orodha hiyo limewekwa na mimi, na nimekosea. Nyumba hiyo nilikula samaki, nikaandika kwamba hakuna samaki. Anayestahili kuaibishwa ni aliyejaza fomu."

Afisa aliniambia nikae. Sikukaa. Nyuma yangu Min Atieno naye alikuwa ameinuka, na safari hii kichwani hakuwa na mboga, alikuwa na sufuria. Aliipitisha katikati ya watu, akaitua mbele ya meza ya wakubwa, akafunua.

"Bwana Afisa, kabla usome, onja kwanza hiyo sifuri."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Na asisahau mifupa, ndiyo dawa!" Mwingine akamjibu, "Muachie, tai yake itachafuka!" Afisa alitazama sufuria, akaitazama tai. Alisema ameshakula. Chifu, ambaye hakuwa amekula, alinyoosha mkono, akatwaa kipande, akatafuna polepole watu wakimtazama, kisha akanyoosha mkono tena.

"Bwana Afisa," alisema akiwa bado anatafuna, "hiyo karatasi yako irudishe ofisini ikafanyiwe kazi. Hapa kwangu haisomwi."

Haikusomwa. Shemeji za Min Atieno waliondoka barazani, na watoto wakabaki kwa mama yao.

Barua yangu ya uhamisho ilifika kabla ya mwezi kwisha. Ilisema nahamishiwa Migori "kwa maslahi ya utumishi", maneno ambayo kila mtumishi wa umma wa wakati wetu anajua kuyasoma. Nilifungasha mizani, kanda na Jedwali.

Migori ilikuwa wilaya mpya, na mkuu wangu mpya alikuwa mama wa sauti nzito aliyeniita siku ya kwanza na faili langu likiwa wazi mbele yake.

"Nimesoma. Neno 'mkaidi' limo mara nne."

"Ni mara tano, mama. Moja iko nyuma ya ukurasa."

Alifunua, akahesabu. "Hesabu zako ni nzuri. Nenda Osiri."

Osiri ni kwenye machimbo ya dhahabu. Wanawake wa kule walikuwa wanaponda mawe na kuosha udongo tangu asubuhi, na walinunua chakula kwa siku, kadiri siku ilivyowapa. Hapakuwa na mgongo wazi wa kutosha, na safari hii sikufika na orodha. Nilikaa sokoni juma zima nikiuliza kila mmoja ananunua nini, saa ngapi, kwa kipimo gani. Fomu zetu ziliandikwa kwa gramu, lakini hakuna mtu aliyenunua gramu. Watu walinunua gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili unaojazwa hadi nafaka inamwagika, au nusu yake, pamoja na konzi ya nyongeza kwa mteja anayejua kucheka na muuzaji. Niliandika upya kila kitu kwa gorogoro. Wale wanawake walikuwa wanachanganya maharagwe na karanga zilizovuka mpaka wa Isebania kutoka Tanzania, wakizisaga pamoja na omena kavu na kupika uji wa watoto. Hilo pia halikuwa kwenye Jedwali. Niliongeza mstari wa pili, na huo haukupinda sana.

Wakaguzi walipokuja, waliikuta mistari hiyo. Mmoja aliikata kwa kalamu nyekundu. Alipoondoka niliiandika tena chini ya wekundu wake.

Nilimalizia utumishi Rongo, baada ya vituo vingine viwili nisivyovisimulia kwa sababu vilikuwa na amani. Siku ya mwisho nilipeleka vitu vyangu ghalani. Mtunza ghala alikagua mizani, akakagua kanda iliyochakaa, kisha akafungua Jedwali. Lilikuwa limejaa mistari ya wino pembezoni mwa karibu kila ukurasa.

"Mama, hiki kimeandikwaandikwa. Sheria inasema kirudi kikiwa kamili."

"Kilipokuja hakikuwa kamili," nilisema. "Tafuta mgongo wazi."

Alitafuta, akaupata. Alisoma tarakimu, akasoma jina langu mahali pa chanzo, akaangalia jina kwenye fomu ya kuondokea, akalinganisha. Nilimwona akitabasamu kidogo.

"Mama yangu alitulea na hii," alisema.

Alichukua muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga juu ya jalada la kijivu, na mbele ya neno Hali akaandika kwa herufi kubwa: KAMILI.

Nilipotoka pale nilipitia sokoni. Ilikuwa alasiri, wauzaji wanataka kwenda nyumbani, na hiyo ndiyo saa nzuri ya kununua.