Mdomo Wazi wa Ogeto

Edinah Nyanchera wa Manga huchuma majani ya chai siku za kazi, na Sabato huimba kwenye kwaya pamoja na mumewe, Ogeto. Mwezi wa tano Ogeto alikwenda Nyamache kununua ndizi, asirudi. Mwezi wa nane mwili wa mwanamume ukaopolewa mtoni, uso hautambuliki. Koti lilifanana na lake. Kwa shemeji yake Gibson, hilo lilitosha. Edinah alipokuwa mochari mjini Kisii, vijana nyumbani walikuwa tayari wanachimba kaburi.

Phanice, daktari wa meno aliyeitwa kuutambua mwili, aliulizia rekodi za meno ya Ogeto.

"Hajawahi kutibiwa jino, daktari."

"Basi nipe picha anayocheka."

Edinah alitoa picha za mkobani: ya harusi, ya matanga ya baba mkwe, ya siku waliyonunua ng'ombe. Zote Ogeto amefunga mdomo kama anayeapishwa.

"Mama, huko Manga kucheka kumepigwa marufuku?"

"Mbele ya kamera mtu hujiheshimu." Kisha akashtuka. "Kuna video ya kwaya! Anaimba besi. Mwalimu humtania kwamba ndege watamjengea kiota mdomoni."

Phanice aliitafuta kwenye simu, akaisimamisha Ogeto alipoachama, akaikuza. Akaiweka kando ya picha ya meno ya marehemu. Edinah hakutazama simu. Alitazama uso wa daktari.

"Meno ya chini ya mumeo yamepandana. Ya huyu yamenyooka."

"Labda maji yameyanyoosha?"

"Maji hayanyooshi meno, mama. Siye."

Edinah alichukua simu. Kama siye, basi yuko wapi? Akampigia Gibson.

"Acheni kuchimba. Siye."

"Tumefika kiunoni, shemeji. Kaburi halilali wazi, wala halifukiwi tupu. Tutazika mgomba badala yake."

"Mgomba huzikwa badala ya mtu aliyekufa. Ukiingia humo, mmemzika Ogeto. Rudisheni udongo peke yake."

"Wazee watasema nini?"

"Watasema nikifika. Ningojeni."

Kwenye simu Edinah alisikia panga likikata shina lenye maji, mara moja, kisha tena. Akatoka mbio kutafuta bodaboda, simu bado iko sikioni, akiita, "Shemeji! Shemeji!"