Ndama wa Ukingoni

Vénérand ametia fremu picha za watu katikati ya Johannesburg kwa miaka kumi na mmoja, na hajawahi kubishana na mteja. Si kwamba hana ulimi. Riziki yake iko hapo. Lakini wiki hii hakuwa sawa. Binti yake Emérite, ambaye yeye alimwacha Burundi kwa bibi yake akiwa na miaka mitano, alikuwa amempigia simu: "Baba, nije lini?" Akamjibu "tutaona", kama anavyomjibu kila mwaka, kisha akamtumia viatu.

Jumatano mama mmoja mzaliwa wa Denmark alileta mchoro wa zamani. Ukiusogelea ni madoa ya rangi tu. Rudi nyuma hatua tatu, malisho yanajitokeza, jua limewaangukia ng'ombe wekundu migongoni, na mwanamke anakamua. Vénérand, aliyechunga ng'ombe wa baba yake kwao Rutana, Burundi, hakuona jua. Aliona kwamba ng'ombe anayekamuliwa amegeuza kichwa kumtazama ndama aliyesimama ukingoni kabisa. Na fremu ya dhahabu aliyoichagua yule mama ingemfunika ndama huyo.

"Bosi, fremu hii haifai," alimwambia Mahmoud, mtu wa Tanga mwenye duka. "Ndama asipoonekana, ng'ombe hatoi maziwa."

"Eish, mzee wangu! Tangu lini mchoro ukatoa maziwa?" Mahmoud alicheka mpaka machozi.

Vénérand hakucheka. Kwao ndama huletwa kwanza, anyonye kidogo, ndipo mama yake aachie maziwa. Mteja aliporudi, akamweleza hayo kwa Kiingereza chake cha kubahatisha. Yule mama alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Kwetu ndama huondolewa mapema, bado mchanga," alisema. "Ng'ombe anatoa maziwa vilevile."

"Bila kumwona?"

"Bila kumwona. Anazoea."

Vénérand akafunga fremu kama alivyoagizwa. Masikio ya ndama yakapotea chini ya ubao. Ilimuuma, ilimuuma kweli. Sare za shule, daftari, dawa za bibi, vyote alivituma bila kuruka mwezi, na siku zote alijisifu kwa hilo. Kumbe alikuwa amezoea.

Akaweka nyundo chini, akatoka nje kwenye honi za teksi, akapiga simu.

"Baba, kuna nini?" Emérite aliuliza kwa hofu, maana baba yake hupiga mwisho wa mwezi tu, akishatuma pesa.

"Hakuna kitu, mwanangu. Nimepiga kukwambia uje."