Kaseti za Jejiga

Shangazi yangu Jejiga aliolewa katika kijiji cha juu kabisa, huku kwetu milima ya Kabilia, Aljeria. Hata harusi haijapoa, mumewe Akli akarudi Lyon kwenye kiwanda cha rangi. Ndivyo tulivyoishi miaka ile ya sabini: wanaume Ufaransa, wanawake kwenye mizeituni, na posta katikati.

Jejiga hakujua kusoma, wala Akli. Barua za huku aliziandika mwalimu wa shule, za kule jamaa mmoja wa bweni la wafanyakazi, na zote zilisema yaleyale: afya njema, salamu kwa wote, tunamshukuru Mungu. Siku moja mwalimu alipomaliza kumsomea, Jejiga akaangua kicheko.

"Mwalimu, hii ndoa ni ya nani? Mnaandikiana ninyi wawili, mimi na Akli tunalamba stempu tu!"

Kiangazi kile Akli alikuja likizo na redio ya kaseti, na nyingine kama hiyo alikuwa nayo bwenini. Alipoondoka, Jejiga aliiweka redio uani, akabonyeza kitufe chekundu, akaanza kusema. Alimsimulia habari za mbuzi aliyetafuna shuka, na majirani waliogombana kwa ajili ya mtini mmoja. Kisha akampa zamu mama mkwe wake Tawes, ambaye sote tulimwita Nna kwa heshima, naye akapiga ukelele hadi watu wakatoka majumbani.

"Nna, taratibu! Inakusikia."

"Itanisikiaje? Ufaransa ni mbali!"

Kaseti hiyo ilifika imevunjika vipande, na alama ya muhuri juu ya bahasha. Jejiga hakuvunjika moyo. Alirekodi nyingine, pande zote mbili, akaitia ndani ya soksi ya sufu, akashuka nayo posta. Karani, mzee Lunis tuliyemwita Dda kwa heshima, alikuwa mtu wa kupiga mihuri kama mhunzi. Alipoinua mkono, Jejiga akamkemea.

"Polepole, Dda Lunis! Humo ndani yumo mama mkwe wangu."

Mkono ukabaki hewani. "Nna Tawes?"

"Ndiye. Ukimuumiza, atashuka mwenyewe kuja kukuuliza."

Foleni nzima ikacheka. Lunis alimfahamu vizuri Nna Tawes. Akaubandika muhuri kama anayegusa yai.

Jibu lilikuja kabla ya kuchuma zeituni. Wanawake walijaa uani. Sauti ya Akli ilipotoka ikimtakia mama yake afya, Nna Tawes alijifunga kitambaa vizuri, akaanza kumjibu.

"Na wewe pia, mwanangu. Umekula?"

Sauti ikaendelea na habari za mvua ya Lyon.

"Mwone huyu! Namuuliza kama amekula, ananiambia mvua!"

Mara Akli akapunguza sauti. "Sasa mama, nenda kamwangalie mbuzi. Yanayofuata ni ya Jejiga."

Hakuondoka mtu.

"Mbuzi hajambo," Nna Tawes alisema, akajiweka sawa kwenye mkeka.

Jejiga akaizima redio, akaikumbatia, akaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo. Aliyoambiwa huko hajatuambia mpaka leo. Alichotuambia ni kikohozi. Kilikuwa kikavu, na kila kilipomjia, Akli alijisogeza mbali na redio ili kisisikike. Jejiga alirudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena na tena. Na barua zote zilikuwa zikisema afya njema!

Siku hiyohiyo akarekodi.

"Akli, nimekisikia kifua chako. Usiniambie ni baridi. Nenda hospitali, na atakachosema daktari nikisikie kwa mdomo wako, si kwa kalamu ya mtu. Usipokwenda nakuja mwenyewe, na mama yako namleta."

Wenzake wa bwenini waliisikia kaseti hiyo. Waliogopa kumpokea Nna Tawes, wakamshika Akli huku na huku, wakampeleka. Daktari alikuta mvuke wa rangi umeanza kumharibu mapafu. Alitibiwa muda mrefu, kisha akahamishiwa ghalani, kwenye hewa safi. Kaseti iliyofuata Jejiga aliisikiliza ameinamisha kichwa, hakuyajali maneno. Alisikiliza pale maneno yalipokatika, mume wake anapovuta pumzi. Pumzi zilikuwa safi. Akacheka peke yake, akaenda kukanda mkate.

Miaka kadhaa baadaye Akli alirudi moja kwa moja. Jioni ya kwanza tu wakagombana, kwa sababu kila mmoja alizoea kusema bila kukatizwa. Akli alipofungua kinywa, Jejiga akainua mkono.

"Ngoja kwanza, upande wangu haujaisha."

Naye Akli akatulia, akajimiminia kahawa, akamsikiliza.