Risasi Zile Zile kwa Bunduki Tatu

Wanaonipigia simu kutoka Bukavu huniuliza: huko Amerika, watu wenye magari na friji bado wanawinda? Wanawinda, ndugu zangu. Tena kwa kibali, na kibali chenyewe hutolewa kwa kura, kama bahati nasibu. Mwaka huu kura ilituangukia sisi watatu tulioomba pamoja: mimi, Bahati ambaye ni kaka wa mke wangu na anakaa Buffalo, na Wanjala, Mkenya aliyeimba nasi kwaya hapa Louisville alipokuwa mwanafunzi, leo ni mhasibu kule Columbus. Mnyama wetu ni kulungu wa masikio ya punda. Kwetu Kentucky hayuko. Yuko magharibi ya mbali, kwenye milima mikavu ya Wyoming, na tutamfuata huko majani yakianza kupukutika.

Kati yetu mwindaji ni Bahati peke yake. Wanjala alinunua bunduki kwa jirani yake, na mimi nilikuwa na bunduki mpya ambayo sijawahi kuifyatua. Sisi tuliotoka Kivu, mlio wa bunduki ulikuwa na maana moja tu: beba mtoto, kimbia. Kwa hiyo Bahati akaniambia nipande hadi kwake wikiendi moja anifundishe, nisije nikamjeruhi mnyama wa watu na kumwacha akihangaika porini. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii.

Kabla ya kuondoka nilipewa kazi moja, kununua risasi za wote. Hapa mtaani kwetu South End mimi ndiye mnunuzi. Gunia la unga wa fufu, katoni ya samaki, mbuzi wa sherehe: familia zinachanga, mimi Papa Espoir nanunua, tunagawana. Basi nikashika kazi kwa moyo. Wakati wa mapumziko kwenye depo ninakofanya kazi nilitazama video za risasi mpaka wenzangu wakanicheka. Nyepesi inayokwenda mbio, au nzito inayoingia ndani? Ncha laini inayofunguka mwilini ili mnyama asiteseke, au ile ya shaba tupu isiyoacha sumu kwenye nyama ya watoto? Nilikuwa kama mama anayechagua nyanya sokoni, kila moja anaibonyeza.

Dukani, muuzaji mzee akaniuliza nawinda nini, kwa umbali gani, na bunduki yangu inakula risasi gani. Nikamjibu yote. Yangu inakula saba-sifuri-nane. Akaniletea za shaba, za uzito wa kati, akasema kwa kulungu huyo sitajuta. Nikanunua makasha matatu, yote sawasawa, nikatoka nimeridhika.

Ijumaa asubuhi, nyumbani Louisville, mke wangu alinikuta nakagua matairi kwa mara ya nne. "Papa Espoir, wewe ulizaliwa na wasiwasi," akasema. "Donc ukifika mbinguni utauliza kama mlango uko na kitasa?" Bunduki ilikuwa tupu ndani ya sanduku la kufuli, risasi mbali nayo, karatasi zangu za uraia mfukoni. Hata hivyo, kila gari jeupe lililonifuata barabarani niliona ni polisi. Mtu aliyevuka barrière za kwetu, zile za wanajeshi barabarani, mwili wake hausahau. Nilipita Cincinnati nimeshika usukani kwa mikono miwili na shingo imekauka.

Mchana niliingia Hilliard, pembeni ya Columbus, kwa Wanjala. Mke wake Nekesa alikuwa ameshapika ugali, sukuma na kuku. Baada ya chakula Wanjala akaleta bunduki yake, akaifuta kwa kitambaa kama mtoto aliyetoka kuoga. Kwenye mtutu palikuwa na namba, mia mbili sabini. Niliiona kwa macho yangu haya. Niliisoma kama unavyosoma namba ya nyumba ya mtu mwingine, nikasifu mbao zake.

"Bro, hizi ni poa kweli?" akaniuliza nilipompa kasha lake.

"Nimechagua mwezi mzima."

"Basi sawa. Kesho asubuhi naenda range kulenga shabaha, nianze kuzoea. Sitaki mnicheke huko Wyoming."

Nekesa akatikisa kichwa. "Papa Espoir, mimi nashukuru tu ni wewe umenunua. Huyu wangu angechukua zenye kasha la rangi nzuri." Tukacheka wote, nami nikajisikia mtu wa maana.

Jioni nilikuwa kwenye njia kuu ya kuingia Buffalo, na hapo wasiwasi ulipata chakula chake. Kule, ukikosea njia moja tu unajikuta juu ya daraja la kwenda Kanada. Mimi na bunduki kwenye mpaka wa nchi ya watu! Nilizima redio. Nilisoma kila kibao kwa sauti, gari za nyuma zikanipigia honi, sikujali. Nilipoona mto upande wa kushoto na nyumba ndogondogo za Riverside, mtaa wa Bahati, nikasema "Yesu asifiwe" peke yangu garini. Bahati alikuwa amesimama kwenye baraza. Tulikula, tukalala.

Jumamosi asubuhi, mezani jikoni kwake, nilimkabidhi kasha lake kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kumpa shemeji kitu. Akalisoma. Akalisoma tena. Kisha akaanza kucheka.

"Shemeji, bunduki ya mimi haikulaka hii. Hii ni ya bunduki yako wewe."

"Si zote ni za kulungu?"

"Kulungu haiingie kwenye bunduki, shemeji! Kinachoingia ni risasi. Kila bunduki iko na namba yake, na risasi iko na namba yake. Zisipofanana, unaacha." Alikuwa bado anacheka. "Bon, si kitu, nitanunua zangu. Ya Wanjala ni gani?"

Nikauona ule mtutu mbele yangu, wazi kabisa. "Mia mbili sabini."

Kicheko kikakatika. Akaweka kikombe chini. "Ulimupa zile zile?"

"Nilimpa."

"Sikiya. Kwake itaingia. Ni fupi, inateleza ndani bila shida. Lakini mtutu wake ni mwembamba kuliko hiyo risasi. Akifyatua, bunduki inaweza kupasuka. Hapa." Akajigusa shavu, chini ya jicho.

Ndugu zangu, mimi niliyeogopa matairi, polisi na daraja la Kanada, sikuwahi kuogopa lile kasha. Nilipiga simu ya Wanjala. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Nekesa anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya matunzo, na akiwa kazini simu hubaki kwenye kabati. Nikapiga ya nyumbani, mtoto wake akapokea, akasema baba ameshatoka: "Dad left already, uncle." Nikamuuliza range gani, akasema ile ya kupita kanisa, karibu na machimbo ya mawe: "The one past the church, by the quarry." Bahati akaitafuta namba ya hiyo range kwenye simu yake.

Mwanamke mmoja alipokea. Kiingereza changu cha kazini kikanikimbia chote. Nikasema kuna rafiki yangu, ana risasi mbaya, tafadhali asifyatue. Akaniuliza ni nani. Nikasema mtu mrefu, mweusi, Mkenya, anacheka sana. Bahati akaninyang'anya simu, akamwambia kwa ufupi: bunduki mia mbili sabini, risasi saba-sifuri-nane. Hapo akaelewa. Tukamsikia akiweka simu juu ya meza, miguu yake ikikimbia.

Simu ilibaki wazi. Ndani yake tulisikia bunduki zikilia kwa mbali. Pa. Kimya. Pa. Kila mlio nilisema moyoni, huyo ni yeye. Nilimwona Nekesa na ile sahani ya kuku. Mlio mwingine. Halafu sauti ya mwanamume ikapiga kelele watu wote waache, na kukawa kimya kirefu. Sijui hata sasa kama kile kimya kilikuwa kibaya kuliko milio. Bahati alikuwa anasali kwa Kishi, lugha ya kwetu, taratibu.

Kisha, karibu kabisa na sikio langu: "Bro? Ni nini? Huyu mama amenitoa mbio."

"Umefyatua?"

"Bado. Ilikuwa ndani tayari. Niliona inacheza kidogo, nikadhani ndivyo zilivyo. Nilikuwa navuta pumzi." Nadhani wenyeji walikuwa wanamwonyesha namba. "Woi," akasema. "Woi, Papa Espoir."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni ya shemeji yangu nikalia. Bahati hakunikataza.

Alasiri alinipeleka kufyatua hata hivyo. Kabla ya kila risasi alitaka nisome mtutu kwa sauti, halafu nisome kitako cha risasi kwa sauti. Bega liliuma, karatasi ya shabaha ilibaki karibu nzima. Kuelekea jua kuzama nikapata mbili tatu katikati, akasema hiyo yatosha kwa leo.

Jumapili, njiani kurudi, nilipita Hilliard tena. Nilikuta Wanjala hajamwambia mke wake. Alinikonyeza nikiwa mlangoni, nisiseme. Nekesa akapakua, akanikaribisha, akaniuliza habari za Buffalo, na akanishukuru tena kwa zile risasi nzuri nilizomchagulia mume wake. Wanjala aliangalia sahani yake. Nikaweka mkono mezani nikamweleza yote, kuanzia dukani.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na lile kasha la risasi. Akaliweka kando ya sahani yangu.

"Na kama huyo mama wa range hangepokea simu?"

Wanjala akajaribu kusema, "Mama, si nimepona?" Nekesa akamkata kwa jicho. Kisha akaniongezea mchuzi, akasema, "Unga endelea kuwanunulia watu, Papa Espoir. Hizi, kila mtu na zake."

Chakula chake nilikimaliza chote, maana kubakiza kungekuwa dhambi ya pili.

Nimerudi Louisville. Wyoming tutaenda, Mungu akipenda, na Wanjala amejinunulia zake mwenyewe, amenitumia picha ya kasha na ya mtutu pamoja. Watu wa hapa South End wameshanipa orodha yao ya mwezi kama kawaida. Wanaona mnunuzi wao amebadilika. Kabla sijapokea mchango wa mtu, namuuliza: na kwako, mnakula nini?

"Ni unga tu, papa!" wananicheka.

Nauliza hata hivyo.