Darasa Lililobweka

Jina langu la ukoo hunisema kabla sijafungua mdomo. Mtu akilisikia anajua nimetoka Iringa, na kabla hajauliza habari za nyumbani ameshauliza habari za mbwa. Nchi nzima inaamini Wahehe tunakula mbwa. Mimi sijawahi hata kumfuga, lakini swali lenyewe nimelizoea.

Kwa hiyo siku niliyoandika jina hilo ubaoni, mwalimu mpya wa hisabati wa kidato cha pili, katika shule moja ya kata huko Usangu, na mtu akabweka nyuma yangu, sikushangaa. Kilichonishangaza ni ustadi. Alianza mbwa mkubwa, mdogo akamjibu, kisha wa tatu akasikika kwa mbali, utadhani yuko ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Nilipogeuka, darasa zima lilikuwa linatazama ubao kwa heshima kubwa.

Mazoezi ya kufundisha niliyafanya Tosamaganga, kwenye baridi, kwa wanafunzi waliosimama mwalimu alipokohoa tu. Chuoni tuliambiwa tusiwape wanafunzi mgongo. Pale Usangu nilitii agizo hilo mpaka shingo ikauma: niliandika ubavu ubavu, jicho moja kwenye chaki na jingine darasani, na mistari yangu ikawa inapanda mlima. Nikigeuka kufuta, hau hau. Jioni moja nilikasirika mpaka ugali ukanishinda.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa mtu mpole, na nasema hivyo bila kejeli. Alichapa bila hasira, kama mtu anayepura mpunga, kisha akamuuliza mtoto habari za wazazi wake.

"Samaki mkunje angali mbichi, madam," aliniambia ofisini, kikombe cha chai mkononi. "Nitajie mmoja tu. Hata ukikosea, wengine watanyooka."

Nikamwambia bado nawasoma. Sababu ya kweli sikumwambia. Kuna wenzangu waliokwisha kumkabidhi madarasa yao, na nilikuwa nimeona matokeo. Watoto walinyamaza wakati hatua zake zinasikika koridoni, zikipotea soko linafunguliwa, na mwalimu anabaki kusubiri hatua zirudi. Mimi nilitaka darasa langu liwe langu. Nililitaka hasa.

Msaada ulitoka mahali ambapo chuo hakikunifundisha kutazama. Tulipomzika bibi yangu, Msangu mmoja, mtani wa familia, aliruka kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Baba alikuwa analia. Akacheka, akaagiza jogoo aletwe. Wahehe na Wasangu walipigana sana zamani, na wajukuu tumeachiwa utani. Mtani anakutukana na huna ruhusa ya kununa. Anaweza pia kukuchukulia kitu chako mchana kweupe, na ukikitaka unakikomboa. Na kidato cha pili kilikuwa kimejaa Wasangu.

Asubuhi iliyofuata waliponibwekea niliweka chaki mezani.

"Wasangu mko wangapi humu?"

Mikono mingi ikanyooka, kwa wasiwasi.

"Sawa. Babu zenu tuliwakimbiza kutoka huku mpaka milima ya Usafwa. Na waliotangulia mbele kuwakimbiza ni mbwa wetu. Kwa hiyo mkibweka mnanikumbusha ushindi. Endeleeni."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Kijana mmoja kutoka familia ya wafugaji akanyoosha mkono. "Madam, na sisi Wasukuma tumo?"

"Leteni ng'ombe kwanza, tutajadiliana."

Tangu siku hiyo anayebweka alijua gharama yake. Nilishuka kwenye madawati, nikachukua kitu: rula, kofia, kiatu kimoja. Kukikomboa ni kuja mbele kukokotoa swali. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, mrefu kuliko mimi, ndiye aliyekuwa yule mbwa wa ng'ambo ya mashamba. Alikokotoa milinganyo kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja wenye soksi, akakosea, akarudia, akapata. Nadhani mara nyingine alibweka ili aitwe.

Vicheko vilifika ofisini.

"Wamekuzoea," mwalimu wa nidhamu alisema, na safari hii hakuwa na kikombe. "Ijumaa nitakuja kusimama mlangoni kwako. Akibweka hata mmoja, wote watalala chini, na kipindi cha hisabati nitakisimamia mimi mpaka mwisho wa mwaka."

Sikuwaambia wanafunzi. Ningewaomba wanyamaze, wangenyamaza kwa fimbo yake, na darasa lingekuwa lake hata kabla hajafika. Kiburi pia kilikuwemo. Sisi Wahehe kiburi tunacho, hilo si utani.

Ijumaa alikuja, fimbo kwapani, akaegemea mwimo wa mlango. Nikawasalimu wanafunzi, nikafungua kitabu, kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya katika chumba kile tangu siku ya kwanza: nikawapa mgongo wangu wote. Niliandika mlinganyo. Chaki ilikatika, nikaiokota. Niliandika mstari wa pili, wa tatu, wa nne, kwa haraka kiasi kwamba namba saba ilionekana kama moja. Niliogopa. Nyuma yangu sikusikia hata dawati likilia. Nikajaza ubao mpaka chini, nikapigia mstari jibu, nikageuka.

Mwalimu wa nidhamu alitazama ubao kwa muda mrefu. Alikuwa mwalimu wa historia.

"Haya," alisema, akaondoka. Tulisikiliza hatua zake mpaka zikafika ofisini, mlango ukafungwa.

Nilisubiri soko lifunguliwe. Halikufunguliwa. Yule msichana wa nyuma akanyoosha mkono.

"Madam, mstari wa pili, minus imepotea."

Nikatazama. Ni kweli. Kuanzia mstari wa pili mpaka jibu nililolipigia mstari kwa mbwembwe, kila kitu kilikuwa uongo.

"Umeona sasa hivi?"

"Tuliona wakati unaandika."

"Wote?"

Vichwa vikaitikia, hadi dawati la Wasukuma.

"Sasa mbona hamkusema?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwelewesha mdogo wake jambo la wazi.

"Mbele ya mgeni, madam?"

Mgeni mwenyewe alikuwa amefundisha shule ile tangu inafunguliwa. Nikachukua kifutio, nikafuta kuanzia mstari wa pili.